Damu ya pili ya Mama Koleta

Alhamisi, katikati ya masika.

Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa haijapumua. Kutoka dirisha la maabara siioni milima kabisa, ni wingu tu kuanzia pale nyumba za mwisho zinapoishia. Ni saa tisa alasiri. Wenzangu wameondoka mapema kabla njia za Mafiga, hapa Morogoro, hazijajaa maji. Mimi nimebaki na kompyuta ya ofisi, chai iliyopoa, na kitabu cha maabara kilichofunguliwa kwenye ukurasa ambao nimeagizwa kuandika uongo.

Mnaokuja kwenye blogu hii kusoma habari za mchicha wangu na ugomvi wangu na fundi bomba, leo mnisamehe. Leo sina utani.

Kazi yangu sijawahi kuieleza humu, kwa sababu kila nikiieleza watu hujiuliza kama ni salama kunipa mkono. Natafuta kwenye damu za watu alama za mafua ya ndege. Virusi vyenyewe vilivyo hai hatuvigusi. Vinataka maabara yenye milango ya chuma inayojifunga nyuma yako, na sisi hata mlango wa choo hauna komeo. Kwa hiyo tunatumia virusi bandia. Wenzetu wa nje wanachukua kirusi cha aina nyingine, wanakitoa utumbo mpaka hakiwezi kuzaana wala kumdhuru mtu, wanakivisha koti la mafua ya ndege, na ndani wanakiwekea kile kitu kinachomfanya kimulimuli awake. Wanatuletea vikiwa vimegandishwa. Kikiingia kwenye seli, seli inawaka, na mashine inausoma ule mwanga.

Damu inaingia hivi. Nachukua majimaji ya damu ya mtu, nayachanganya na virusi bandia, kisha nazimwagia seli kwenye sahani yenye vishimo vidogo. Kama mtu huyo amewahi kupatwa na mafua ya ndege, damu yake ina kingamwili zinazolijua lile koti. Zinaling'ang'ania, kirusi hakiingii, na kishimo kinabaki giza. Kama hajawahi, kishimo kinawaka. Kwetu sisi mwanga ndiyo habari njema.

Na damu moja haitoshi. Unamtoa mtu damu leo, unarudi baada ya wiki nne, unamtoa tena. Ya kwanza ikiwaka na ya pili ikawa giza, maana yake ugonjwa umempitia katikati ya safari zako mbili. Maana yake upo hapo kijijini, sasa hivi.

Hiyo ndiyo habari niliyoitoa mimi, mwezi wa tatu, kuhusu Mama Koleta.

Majina ya watu na ya vijiji nimeyabadilisha. Mengine yote ni kama yalivyo.

Mama Koleta anakaa kwenye kitongoji kimoja juu ya Kinole, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka pale gari linapoishia. Ana pilipili manga iliyopanda juu ya miti, ana michungwa, ana mdalasini nyuma ya nyumba. Na alikuwa na kuku. Shamba kule ni la ukoo, lakini kuku ni wa mwanamke mwenyewe. Anamuuza akitaka, anamchinja akitaka, hamwulizi mtu.

Nilifika kwake mara ya kwanza mwezi wa kwanza, na fomu zangu na kisanduku changu cha barafu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akaniwekea kigoda. Nilimwuliza maswali yote ya kwenye dodoso. Una kuku wangapi, nani huwachinja, umewahi kusafiri wapi. Alijibu Morogoro na Dar, basi. Kisha nikamfunga mpira mkononi na kazi ikaanza, maana mshipa wa Mama Koleta ni wa ajabu. Umelala pembeni, umepinda, na ukiugusa na sindano unakukwepa. Nilimchoma mara tatu. Mara ya tatu aliniangalia kwa huruma.

"Mwanangu, unatafuta damu au unachimba kisima?"

Tulicheka wote wawili, na damu ikatoka.

Wakati naondoka alinipa mtetea wa madoadoa, miguu imefungwa kwa ukambaa wa mgomba. Masharti ya mradi yanakataza kupokea zawadi. Lakini mama yangu mzazi ni Mluguru wa upande wa Matombo, na mtu wa rika lake aliyekwisha kukuita mwanangu huwezi kumrudishia kuku wake mkononi. Nilimpokea kwa mikono miwili, nikamweka chini ya kiti cha gari la mradi.

Mwezi wa pili tulirudi. Siku hiyo wanawake waliitwa wote kwenye ofisi ya kijiji ili tumalize haraka. Kulikuwa na manyunyu, dereva analalamika kwamba njia itateleza, na ilikuwa inasemekana kideri kinaua kuku bonde la pili. Nilisimama mlangoni na orodha yangu, naita. Kwenye orodha yapo majina kamili ya ubatizo na ya baba, lakini mimi sikuyaita. Mwanamke wa umri wa mama yangu nitamwitaje jina lake mbele ya watu? Niliita Mama Koleta.

Mwanamke mmoja aliinuka. Alikuwa amejifunika kanga mpaka kwenye paji la uso kwa ajili ya manyunyu. Alikaa, akanyoosha mkono. Katika kazi hii unaangalia mikono, huangalii nyuso. Nilimfunga mpira, mshipa ukasimama wenyewe, sindano ikaingia mara moja.

"Leo mshipa wako umekubali, mama," nilimwambia.

Alicheka kidogo. Akaweka dole gumba kwenye fomu, akapokea sabuni yake na sukari yake, akatoka. Nikaita jina linalofuata.

Nimeurudia huo ucheko kichwani wiki hii mpaka nimechoka.

Jibu lilipotoka, damu ya kwanza ya Mama Koleta iliwaka safu nzima. Damu ya pili ilikuwa giza, hata nilipoizimua mara nyingi. Niliijaribu na virusi bandia vya koti jingine nione kama labda damu hiyo inaua kila kitu tu. Vile viliwaka vizuri. Kwa hiyo giza lile lilikuwa la mafua ya ndege na si la kitu kingine.

Nilimwita Dokta, kiongozi wa mradi wetu. Alikuja mbio na miwani mkononi. Alisoma namba, akasoma tena. Na hapa ndipo nataka kuwa mkweli, maana kama si hapa sijui ni wapi: tulifurahi. Tulipeana mikono. Miezi minane tunasaga damu za watu bila kupata kitu, wafadhili wanauliza, mikataba yetu ni ya mwaka mmoja mmoja. Nilikwenda nyumbani naimba. Kwamba mwanamke aliyenipa kuku wake huenda amebeba ugonjwa unaoua, wazo hilo lilinijia kesho yake nikiwa napiga mswaki.

Taarifa iliondoka na namba tu, mhojiwa wa kumi na nne. Lakini namba inalindwa na karatasi, hailindwi na njia ya miguu. Bwana mifugo na wenzake walipopanda mlima wakapita nyumba zote bila kusimama na kwenda moja kwa moja kwa Mama Koleta, kitongoji kizima kilijua.

Mimi nilikuwepo. Nilitumwa kuchukua ute kwenye koo za kuku kabla hawajauawa. Walianza na wa kwake, wakaendelea nyumba kwa nyumba. Walinyonga, wakatia kwenye magunia, wakachimba shimo chini ya michungwa, wakawasha moto, wakamwaga chokaa. Mwanamke mmoja alimficha jogoo wake ndani ya mtungi na kuufunika kwa ungo. Jogoo akawika. Mtu mmoja kati yetu alicheka, na mwanamke yule akamtoa mwenyewe, akamkabidhi, akaingia ndani.

Ilipigwa marufuku kufuga kuku pale mpaka itakapotangazwa tena. Haijatangazwa.

Majibu ya ute wa kuku yalirudi baada ya wiki mbili, safi wote. Dokta alisema barafu iliyeyuka njiani ndiyo maana hakikuonekana kitu. Niliitikia. Kisanduku nilikibeba mimi mwenyewe na nilijua barafu haikuyeyuka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenifanya nikae hapa mvua ikinyesha badala ya kwenda kumchukua mwanangu shule.

Ni yule mtetea wa madoadoa.

Alikuwa uani kwangu Mafiga tangu mwezi wa kwanza. Binti yangu alimpa jina Kinole. Kwa sheria ile ile iliyochoma kuku wa kitongoji kizima, kuku yeyote aliyetoka nyumba ile alitakiwa kuuawa. Mimi nilikuwa najua hilo kuliko mtu yeyote. Niliporudi siku ile nguo zinanuka moshi wa manyoya, nilimkuta amesimama mlangoni ananisubiri nimwage pumba, kama kawaida yake. Nilimmwagia pumba. Kesho yake binti yangu alikula yai lake kabla ya kwenda shule, na kesho kutwa, na siku nyingi zilizofuata.

Sikumwambia bwana mifugo. Sikumwambia Dokta. Sikumwosha hata mtoto mikono zaidi ya kawaida.

Nilijidanganya kwamba ni huruma. Kwamba nimemzoea. Lakini mimi ni mama, na hakuna mama anayemwachia mtoto wake acheze na kuku anayeamini ana mafua ya ndege. Niliamini jibu langu kwa kuku wa Mama Koleta. Kwa kuku wangu sikuliamini hata siku moja. Mahali fulani ndani yangu nilijua kwamba ule mshipa haukuwa wake, na nikaliacha jambo likae huko huko ndani.

Jumanne wiki hii nilipanda tena. Mradi ulitaka damu ya tatu, kuona kingamwili zimefikia wapi. Nilikwenda peke yangu na dereva, naye alibaki chini kwenye gari.

Kitongoji kimya. Mpaka ufike mahali pasipo na kuku hata mmoja ndiyo unajua kuku wana kelele kiasi gani. Nyumba ya kwanza niliyopiga hodi walinijibu bila kutoka. Mama Koleta nilimkuta ameanika pilipili manga kwenye mkeka, na magunia mawili ya pilipili iliyokauka yamesimama ukutani. Wachuuzi wa mjini wanazunguka sasa kila nyumba kununua viungo, tangu biashara hiyo iachwe huru kwa kila mwenye gari, lakini kwake hawafiki. Wameambiwa.

Alinipokea kwa marahaba ile ile. Alikuwa amekonda.

Alinisimulia bila kulalamika, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mtoni wanamsubiri achote aondoke ndipo nao wasogee. Jumapili kanisani, padre akisema tupeane amani, watu wa benchi la mbele wanageukia upande wa pili, na wa nyuma wanapata kikohozi. Hawaogopi ugonjwa tu. Kuku wao walikufa kwa sababu ya damu yake. Anayempa mkono ni mdogo wake, Felista, basi.

Felista alikuwa ametoka jikoni amesimama mlangoni. Wanafanana kama shilingi kwa ya pili, isipokuwa Felista ana mwili kidogo.

Nilimfunga Mama Koleta mpira. Nilichoma, nikakosa. Nilichoma tena. Mshipa ule ule, umelala pembeni, umepinda, unakwepa. Mara ya tatu damu ikaja, nami nikakiweka kichupa chini kabla sijakifunga.

"Mama," nilimwuliza, "mwezi wa pili, pale ofisi ya kijiji, ulikuja?"

Alijibu Felista.

"Mimi ndiye niliyekuja. Dada alikuwa msibani Tawa. Alikuwa ameshakuahidi damu, na mtu akiahidi kitu hawezi kukiacha hivi hivi, si ndiyo? Nikaona niende nikatoe. Sisi ni tumbo moja, damu yetu si moja tu?"

Hakusema kwa kujitetea. Alikuwa ananieleza jambo ambalo alidhani nalijua. Na nilikuwa nalijua. Kwetu dada wa mama ni mama, hatusemi ni kama mama; kwa hiyo Felista naye ni Mama Koleta. Kadi yangu mwenyewe ya kliniki ina dole la mama mkubwa mahali pa mzazi, kwa sababu siku ile mama alikuwa shamba, na hakuna nesi wa pale aliyeona ajabu. Mtafiti mgeni angesimama pale mlangoni na orodha angesoma jina kamili la ubatizo, angelikosea kulitamka, na Felista asingeinuka. Mimi niliyeletwa kwenye mradi kwa sababu najua mila za watu ndiye niliyeita kwa adabu.

Nilimwuliza Felista kama amewahi kuumwa kifua. Akasema ndiyo, Misri.

Miaka mitatu alikuwa Misri, kazi za ndani, kwa familia iliyomchukua Dar. Walikuwa wanafuga bata na njiwa juu ya dari la nyumba, kama majirani zao wote. Mwaka wa mwisho bata walianza kufa, na yeye aliambiwa awanyonyoe haraka wale wenye uhai kidogo kabla hawajaharibika. Wiki iliyofuata alishikwa na homa ya kifua. Alilala siku kumi na nne kwenye chumba cha nyuma, akawa anaona Kinole usingizini. Hakupelekwa hospitali. Alipopona walimkatia tiketi.

Kwa hiyo virusi bandia havikusema uongo. Damu ya Felista inalijua lile koti kweli kweli, imelijua mbali na hapa, na ikashinda. Hakuna kuku wa Kinole aliyehusika. Dodoso langu lina swali la safari, lakini Felista hakuwemo kwenye dodoso. Hakuwa na kuku.

"Mlijua lini?" niliuliza.

"Siku walipokuja na magunia," alisema Mama Koleta. "Tuliangaliana."

"Na mkanyamaza?"

"Ningesema nini, mwanangu? Kwamba mdogo wangu ameidanganya serikali kwa dole gumba? Wangemchukua. Na wewe ungefukuzwa kazi. Kuku walikuwa wameshakufa."

Felista alisema, "Mimi nasema anitaje. Nimechoka kumwona dada anakaa peke yake kanisani."

Mama Koleta alimkatiza kwa Kiluguru, kwa ukali ambao sikujua anao. Kisha akanigeukia mimi na kusema kwa Kiswahili, taratibu, ili nisije nikasema sikuelewa: nisimtaje Felista kwa mtu yeyote. Yeye amekwisha kuzoea. Felista hata mwaka haujaisha tangu arudi, watu wataanza kuuliza alikwenda Misri kufanya nini, na hayo hayatakwisha.

Nilikubali. Nilikusanya vitu vyangu. Nikiwa nimeshavaa viatu, Mama Koleta akaniuliza kwa sauti ndogo, kama anayeona aibu.

"Yule mtetea wangu wa madoadoa, vipi, yupo?"

Wote wa uzao ule walichomwa. Aliyebaki duniani ni yule aliyenipa mimi. Alikuwa ananiangalia kwa hamu.

Nikamwambia nilimchinja.

Sijui kama mnaelewa kwa nini. Ningesema yupo hai, angejua papo hapo kwamba nilimwacha hai nikijua sheria, na kwamba siku nilipokuwa namwangalia akichomewa kuku wake, wangu nilikuwa nimemwacha nyumbani salama. Sikuwa na uso wa kulibeba hilo.

"Umefanya vizuri," alisema. "Alikuwa na nyama."

Nilishuka mlima nikilia kama mtoto. Dereva alidhani nimeumwa na nyuki.

Leo asubuhi damu ya tatu imetoa jibu. Vishimo vyote vinawaka, sawasawa na damu ya kwanza, kana kwamba damu ya pili haijawahi kuwepo. Kingamwili hazipotei hivyo kwa miezi miwili mpaka zisibaki hata kidogo. Nilichukua karatasi ya mashine nikaingia kwa Dokta, nikamweleza kwamba damu ya pili haikuwa ya mtu yule. Ya nani, sikusema.

Si mtu mbaya, Dokta. Nilipojifungua alikuja hospitali na mkewe wakaniletea uji. Alivua miwani, akaiweka karatasi kifudifudi mezani. Kisha akaniambia taarifa imeshakwenda wizarani, makala imeshakubaliwa, wafadhili wanakuja mwezi wa sita kuamua kama mradi unaendelea. Watu kumi na mmoja wanakula kwenye mradi huu. Akaniambia niandike kwenye kitabu kwamba kingamwili zimeshuka. Hivyo tu. Maneno mawili.

"Kuku hawafufuki," alisema.

Yalikuwa karibu maneno yale yale ya Mama Koleta. Lakini Mama Koleta alikuwa anamficha mdogo wake.

Naogopa, na niseme hivyo. Baba yangu alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda hapa mjini. Kilipouzwa kwa mtu binafsi walipewa barua za kuachishwa kazi siku moja wote, na baba alikaa kwenye kiti cha barazani miaka sita mpaka alipofariki. Aliendelea kuamka saa kumi na moja kila siku kuvaa ovaroli. Mimi ndiye mwenye mshahara nyumbani kwetu. Mama ananitegemea, na wadogo zangu wawili. Nikitoka hapa sijui pa kwenda na ujuzi wa kusoma vimulimuli.

Lakini marufuku ya kitongoji kile imesimama juu ya damu moja, na damu hiyo niliitoa mimi. Wizara haitaiondoa mpaka mtu aseme. Wanawake wale hawatafuga, na Jumapili watageukia upande wa pili.

Kitabu cha maabara hakifutwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa, mstari mwembamba, ili anayekuja baadaye aweze kusoma ulichokuwa umeandika, kisha unatia sahihi na tarehe. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi wa mazoezi. Nimerudi nyuma mpaka ukurasa wa mwezi wa tatu. Nimepiga mstari. Chini yake nimeandika:

"Damu ya pili ya mhojiwa wa kumi na nne haikutoka kwa mhojiwa wa kumi na nne. Aliyechukua damu hakuhakikisha jina. Aliyechukua damu ni mimi."

Nimetia sahihi. Kisha nimetoa nakala tatu kwenye mashine ya ofisi: moja nimeiacha mezani kwa Dokta, moja nitaipeleka kesho kwa bwana mifugo mwenyewe, na moja itakwenda wizarani kwa posta, kwa rejista. Felista hayumo, na hata humu jina hilo si lake. Kama wataniuliza damu ilikuwa ya nani, nitasema sikuangalia uso, na huo ndio ukweli.

Jumapili nitapanda Kinole. Nitamwomba padre nafasi baada ya matangazo, nisimame mbele nimseme mtu mmoja tu, mimi. Halafu nitakwenda kukaa benchi lake. Sijui watanifanya nini. Wana haki ya kunifanya lolote.

Mvua imepungua, nasikia watoto wa shule barabarani. Lazima niende.

Limebaki moja, na ndilo zito kuliko barua zote tatu. Nitamwambia Mama Koleta kwamba mtetea wake yupo. Anaatamia mayai tisa kwenye kikapu nyuma ya jiko langu. Na kwamba tangu siku ile ya moto mpaka leo, sijawahi kumwogopa kuku huyo hata mara moja.